Nyumba kumi zinahesabiwaje Ukunda?

Barabara kuu ya Likoni kwenda Lunga Lunga inapita katikati ya Ukunda, mji wa kaunti ya Kwale kusini mwa pwani ya Kenya. Ukiiacha na kuingia vichochoro vya Mwamambi au Mvindeni, hesabu ya serikali inaanza kupotea hatua chache tu kutoka lami. Nyumba moja ya Kiswahili ina ukumbi wa kati, vyumba vitatu au vinne kila upande, choo na bafu uani. Kila chumba kina mpangaji wake: mhudumu wa hoteli aliyetoka Machakos, mama muuza mihogo na wanawe, vijana wawili wa bodaboda wanaolala kwa zamu, mtu ambaye kazi yake haijulikani na hakuna anayemwuliza. Mwenye nyumba yuko Mombasa, au Ujerumani. Sasa mzee wa nyumba kumi ahesabu nini? Akihesabu mapaa, atajikuta na watu zaidi ya mia. Akihesabu milango, kumi zitamwishia kabla hajatoka ua wa pili.

Si swali la mzaha. Juu ya hesabu hii Kenya iliweka tumaini lake la kupambana na ugaidi kwanza, kisha na vijana wa mapanga, kisha na unga, yaani heroini. Rais Uhuru Kenyatta aliutangaza mfumo wa Nyumba Kumi mwaka 2013, ukapata msukumo baada ya shambulio la Westgate la Septemba 21 mwaka huo, ambapo watu 67 waliuawa jijini Nairobi. Joseph Kaguthi, mkuu wa mkoa mstaafu, akapewa kusimamia kamati yake. Maelezo yalikuwa mepesi: jirani amjue jirani, na wakijuana kumi, mwenye nia mbaya atakosa pa kujificha.

Mfano ulitoka Tanzania, ambako TANU ilianza kupanga nyumba kumi kumi katikati ya miaka ya 1960, kila kumi na balozi wake. Lakini kilichovuka mpaka wa Horohoro ni jina zaidi kuliko mfumo. Balozi wa Tanzania alikuwa na chama nyuma yake, na watu walimhitaji. Ukitaka barua ya kukutambulisha, ukigombana na mkeo usiku, ukipata mgeni wa kulala, njia ilipita kwake. Alijua mambo ya watu kwa sababu watu walimpelekea wenyewe. Mzee wa nyumba kumi wa Ukunda hana barua ya kuandika. Barua ni za chifu. Hana ugomvi wa kuamua. Huo ni wa mzee wa mtaa, au imamu, au kadhi. Kilichobaki mikononi mwake ni kimoja tu, kupeleka habari. Na mtu ambaye kazi yake pekee ni kupeleka habari za watu, Wapwani wana majina mengi ya kumwita, na hakuna hata moja la heshima.

Sheria nayo haikumsaidia. Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011 inaagiza kamati za ulinzi wa jamii zinazokutanisha raia na polisi. Nyumba Kumi haimo ndani yake. Ilikuja baadaye, ikapitia wizara ya mambo ya ndani na machifu. Kwa hiyo mzee anayeona jambo mtaa wa Magutu saa nne za usiku ana njia mbili mbele yake, moja ya kituo cha polisi na nyingine ya naibu wa chifu. Huishia kumpigia yule anayemfahamu.

Unga wenyewe ulifika pwani kabla ya mipango hii yote. Tangu miaka ya 1980 heroini ilikuwa ikivutwa Mombasa, Malindi na Watamu, ile ya rangi ya kahawia iliyokuja nyuma ya utalii. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaingia nyeupe, na pamoja nayo sindano. Diani iliyo ufuoni karibu na Ukunda, yenye hoteli zake, fedha za kigeni na vijana wanaoshinda ufuoni wakingoja mtalii wa kumpeleka kwenye mwamba, haikuweza kubaki nje. Leo msamiati wake hauhitaji kamusi kwa mtoto yeyote wa darasa la sita Ukunda: kete, maskani wanakovutia, arosto ya kukosa dozi, pusha anayeuza, teja anayetumia.

Mzigo huanzia mashamba ya Afghanistan, ukashuka pwani ya Makran kati ya Iran na Pakistan, ukapakiwa majahazi yanayofuata upepo uleule uliowaleta babu zetu. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata jahazi moja nje ya pwani ya Afrika Mashariki likiwa na zaidi ya tani moja ya heroini. Agosti mwaka huohuo serikali ya Kenya ililipua baharini meli ya Al Noor iliyokutwa na heroini, rais mwenyewe akitazama. Novemba wakakamatwa kwa ajili ya unga ndugu wawili wa familia ya Akasha jijini Mombasa, Baktash na Ibrahim. Januari 2017 walipelekwa Marekani, na mahakama ya New York ikamfunga mkubwa miaka 25 na mdogo miaka 23.

Nayataja haya kwa sababu moja. Katika yote, hakuna lililoanzia kwa mzee wa nyumba kumi. Tani zilikamatwa na manowari za kigeni, na wakubwa walinaswa na wapelelezi wa Marekani. Mzee wa Ukunda ameachiwa kete, kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne kinachokaa chini ya ulimi. Kukamata kete ndiyo kazi ngumu kuliko zote, maana kete haina bandari wala nahodha. Ina jirani.

Na jirani huyo ni mtu wa namna gani? Hapa ndipo semina za polisi jamii hukosea. Michoro ya mabango humwonyesha muuzaji kama jambazi mwenye kovu. Muuzaji halisi wa mtaani hapigi kelele. Analipa kodi kwa wakati, jambo ambalo haliwezi kumchukiza mwenye nyumba. Kukitokea msiba hutoa mchango, na bati la madrasa likivuja hapungukiwi mkono. Anayewaudhi watu ni mteja wake: teja aliyekata bomba la maji akaliuza kama chuma chakavu, aliyechukua sufuria jikoni ikiwa bado ya moto, aliyempora mtalii simu na kuwaletea polisi mtaa mzima. Basi simu ya mwananchi ikipigwa kituoni, mara nyingi hupigwa dhidi ya teja. Seli hujaa wagonjwa, na duka linabaki wazi.

Ukisonga kusini tabia ya tatizo hubadilika kabisa. Ukunda ni mji wa wapangaji; watu huhamia mwisho wa mwezi na kuhama mwisho wa mwezi, na kumi wanaotakiwa kujuana hawajuani. Lakini Gazi, Msambweni, Majoreni, Vanga, shida si kutojuana. Huko nyumba kumi zinaweza kuwa ukoo mmoja. Muuzaji ni mpwa wa mzee, na mkewe ni binti wa mwalimu wa chuo. Mila ya Wadigo, wenyeji wa huku, ina wazee wa ngambi, ambao kazi yao tangu zamani ni kumwita mkosaji, kumsikiliza, kumtoza na kumrudisha kundini. Mzee aliyelelewa katika adabu hiyo anaambiwa sasa asimwite wala asimsikilize. Aandike jina lake na kulipeleka kituoni. Mjini mfumo unashindwa kwa sababu watu ni wageni, na vijijini unashindwa kwa sababu hakuna mgeni. Nairobi ilichora mchoro mmoja wa sehemu zote mbili.

Juu ya hayo kuna hofu, na hofu ya Kwale ina historia yake. Agosti 1997 vijana waliofunzwa katika msitu wa Kaya Bombo walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, na msako uliofuata ulipita kijiji kwa kijiji. Likaja vuguvugu la Mombasa Republican Council (MRC) na kaulimbiu yake kwamba Pwani si Kenya. Oktoba 2012 mwenyekiti wake, Omar Mwamnuadzi, alikamatwa Kombani. Katikati ya miaka ya 2010 vijana waliokuwa wamevuka kwenda Somalia walianza kurudi, na Kwale ikaingia katika kipindi ambacho watu hawapendi kukisimulia. Baadhi ya waliorudi waliuawa. Baadhi ya wazee wa mitaa na wa nyumba kumi nao waliuawa, wakihesabiwa kuwa watu wa serikali. Desemba 2016 shirika la Haki Africa la Mombasa lilitoa ripoti iliyoorodhesha visa 81 vya watu wa pwani waliouawa au kupotezwa tangu 2012, na lawama nyingi zikiviangukia vyombo vya usalama.

Weka pamoja mauaji ya wazee na kupotezwa kwa vijana uone mzee yuko wapi. Akitaja jina, huenda kijana akapotea na mama yake akajua nani alilitaja. Asipotaja, afisa atamwuliza yeye ni mzee wa nini. Hofu iliyozaliwa na ugaidi haikukaa kwenye ugaidi. Imehamia kwenye unga, na wauzaji wameirithi bila kutoa hata senti.

Zaidi ya hapo jina huvuja, na njia yake si ya kipelelezi. Mtu anapiga simu. Baada ya saa mbili gari la polisi linaingia mtaani, dereva hajui nyumba, basi linasimama mlangoni kwa mzee kuuliza njia. Mtaa mzima umeona. Au afisa humwambia mtuhumiwa mwenyewe, kwa ukali tu wa mdomo, kwamba wenzako ndio wametuambia. Au ni biashara: kuna maafisa wanaokula na mapusha, na hilo si uzushi wa wapiga soga, maana sheria ya dawa za kulevya ya 1994 ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2022 Bunge liliona haja ya kuweka adhabu maalumu kwa afisa wa usalama anayeshirikiana nao. Kwenye karatasi mtoa habari ana kinga. Sheria ya Ushahidi haimlazimishi polisi kusema habari ya kosa aliipata kwa nani, na Kenya ina sheria ya kulinda mashahidi tangu 2006. Lakini karatasi haiingii kichochoroni pamoja na Land Cruiser.

Kisha linafuata jambo linalowavunja watu moyo kuliko yote: baada ya siku mbili muuzaji yuko barazani kwake, anakunywa kahawa. Mtaa unaamua pale pale kwamba amehonga. Pengine kweli. Lakini huenda pia ametoka kwa dhamana, ambayo Katiba ya 2010 inampa kila aliyekamatwa isipokuwa kuwe na sababu nzito ya kumnyima. Huenda kete zilizokamatwa zinangoja Mkemia wa Serikali azipime na kuthibitisha ni nini, maana hakimu hafungi mtu kwa unga ambao haujapimwa. Ungeweza kuwa wa ngano. Kesi inaweza kuendelea mwaka mzima. Yote haya yana maelezo, na hakuna mtu anayerudi mtaani kuyatoa. Jina lilitoka mtaa wa Mabokoni likaenda kituoni, na kutoka kituoni hakukurudi neno.

Katika miji mingine ya dunia walilitambua pengo hili mapema. Chicago, ambayo majengo yake marefu ya serikali kama Robert Taylor Homes yalikuwa yametekwa na magenge ya wauza dawa, ilianza mwaka 1993 utaratibu wa askari wale wale kupangiwa mtaa ule ule na kukaa na wakazi katika mikutano ya kawaida. Wakazi walisema kinachowasumbua, na mkutano uliofuata askari akatakiwa kueleza alichofanya. Haukumaliza dawa za kulevya Chicago, na majengo yale yalibomolewa hatimaye. Lakini mkutano wa pili ndio niutamanio kwa Ukunda. Sisi tuna baraza la chifu: viongozi mezani, wananchi juani, onyo, shukrani, dua ya kufunga. Wa pili haupo, na ukiwapo, OCS (mkuu wa kituo) aliyeahidi keshahamishwa.

Kuna watu wa pwani hii wanaojua mengi kuliko mzee yeyote na hawaitwi kwenye vikao vya Nyumba Kumi: wavuvi. Tangu kanuni za 2007, kila bandari ndogo ina kamati yake ya usimamizi wa ufuo, ile inayojulikana kama BMU. Wanajua chombo cha nani kimetoka, kimetoka na nini na kimerudi saa ngapi. Dau lililokaa nje usiku kucha likarudi bila samaki na nahodha wake akanunua pikipiki, wao ndio wa kwanza kustaajabu. Mkunguni, Shimoni na Vanga wana hesabu halisi kuliko ya milango ya Ukunda, kwa sababu chombo kina namba na mwenyewe. Kadhalika wakulima wa mpakani, ambao mashamba yao yanapitiwa na njia za panya zinazoleta bangi kutoka upande wa Tanzania. Mzigo mkubwa huonwa na watu hawa. Uki­fika Ukunda umeshakuwa kete.

Wanasiasa nao wana namna yao ya kukwepa. Mei 2024 pwani nzima ilichemka kwa ajili ya muguka. Magavana wa Mombasa na Kilifi wakaupiga marufuku, na mahakama kule Embu ikasimamisha marufuku hiyo. Muguka una madhara yake, sibishi. Lakini ni jani linalouzwa mchana kwenye kibanda, na mkulima wake anajulikana. Ni rahisi kulipigia kelele. Unga hauna kibanda cha kufungwa mbele ya kamera.

Lililofanya kazi kusini, kwa kiasi chake, limekuja kutoka upande wa afya. Mwishoni mwa 2012 Kenya ilianza kugawa sindano safi kwa wanaojidunga, ili kuzuia virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Masheikh na maaskofu walipinga, wakasema ni kumpa teja silaha. Katika Kwale kazi hiyo ilishikwa na shirika la Teens Watch la Ukunda, na jambo lililowapa taabu zaidi halikuwa mahubiri. Lilikuwa polisi. Mtu aliyechukua sindano safi asubuhi alikamatwa jioni, sindano ile ile ikawa ushahidi. Ikabidi maafisa wafunzwe kwamba Wizara ya Afya ndiyo iliyoitoa.

Ikaja methadoni. Tanzania ilitangulia, Muhimbili, Februari 2011. Kenya ikaanza Mathari mwishoni mwa 2014, Malindi ikafuata, na baadaye Kwale ikapata kliniki yake Kombani. Dawa yenyewe ni ya kunywa, kikombe kidogo mbele ya muuguzi, kila siku, Idi na Krismasi zikiwamo. Haimlevyi mtu aliyeizoea; inamwondolea arosto, na aliyeondokewa na arosto hana haja ya sufuria ya jirani. Hapa ndipo ulinzi wa mtaa unapopatikana kwa bei nafuu kuliko doria yoyote. Ila Kombani iko mbali na wengi. Kutoka Msambweni ni zaidi ya kilomita 30 kwenda, na vivyo hivyo kurudi, kila siku ya Mungu, kwa nauli ya mtu asiye na kazi. Wa Vanga asitajwe. Mgonjwa akikosa siku chache mfululizo hurudi nyuma, na akikamatwa njiani katika msako wa Ijumaa hulala seli bila dozi, akatoka Jumatatu moja kwa moja maskani.

Kwa hiyo naona mzee wa nyumba kumi amepewa orodha moja akiwa na watu wa aina mbili. Teja ana mahali pa kupelekwa, na pale mzee angekuwa na kazi ambayo hata mila inaijua: kumsindikiza, kumsimamia, kumpigia OCS na kusema huyu yuko kwenye dawa, msimguse asubuhi. Mama yake hatamchukia kwa hilo. Atampikia. Na mzee anayefanya kazi hiyo kwa miezi sita atajua, bila kumwuliza yeyote, kete zilinunuliwa mlango gani. Habari zitamjia kama zilivyokuwa zikimjia balozi. Muuzaji ni kesi ya polisi, na habari zake zisipite kwa mtu ambaye nyumba yake inajulikana. Zipitie kwa afisa mmoja anayetajwa kwa jina na cheo, asiyeegesha gari mlangoni kwa mtu.

Kuna watakaosema huku ni kuwadekeza walevi. Nawajibu kwamba tumejaribu kinyume chake. Tumewatia ndani, tumewachapa, na mara nyingine umati umewachoma moto kwa ajili ya kuku. Bei ya kete haikupanda hata shilingi kwa sababu ya hayo.

Serikali ya kaunti ya Kwale, ambayo afya ni jukumu lake kikatiba, inaweza kufungua dirisha la methadoni katika hospitali ya rufaa ya Msambweni. Wauguzi wapo, mlango upo, na wagonjwa wa kusini wanapita mbele yake kila asubuhi wakielekea Kombani. Kamanda wa polisi anaweza kuagiza, kwa waraka wa ukurasa mmoja, kwamba kila kituo kati ya Tiwi na Lunga Lunga kirudi mtaani mara moja kwa mwezi kueleza kesi za unga zimefikia wapi: ngapi ziko mahakamani, ngapi zinangoja mkemia, ngapi zimetupwa na kwa nini. Hayo mawili hayahitaji sheria mpya wala mfadhili. Mzee wa nyumba kumi halipwi mshahara, na salio la simu anayopigia kituoni analinunua mwenyewe. Kabla hamjamwomba jina jingine, mpeni majibu ya yale aliyokwisha kuwaletea.